Sarafu ya shaba ya Bizanti iliyotuachia neno 'kufilisika'

MFANYABIASHARA anapofunga duka kwa kulemewa na madeni, watu husema amefilisika. Ni wachache wanaofahamu kwamba ndani ya neno hilo mna sarafu ya shaba iliyofuliwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita katika jiji la Konstantinopoli, ambalo leo huitwa Istanbul, nchini Uturuki.

Sarafu hiyo ilijulikana kama folisi. Ilikuwa pesa ya mwuza mboga, mpagazi, mwashi na mjane katika Milki ya Bizanti, yaani ile sehemu ya mashariki ya Dola la Roma iliyoendelea kusimama baada ya upande wa magharibi kuporomoka katika karne ya tano.

Serikali na matajiri walihesabu mali yao kwa dhahabu, ilhali wanyonge waliishi kwa shaba. Kwa sababu hiyo, historia ya folisi ni historia ya namna utawala ulivyotimiza ahadi yake kwa watu wa tabaka la chini, na namna ulivyoivunja mambo yalipokwenda mrama.

Dhahabu ya wakubwa, shaba ya wadogo

Sarafu kuu ya milki ilikuwa ya dhahabu, nayo iliitwa solidi. Ilianzishwa na Kaizari Konstantino mapema katika karne ya nne. Ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja ikiwa na uzani wa takriban gramu 4.5.

Solidi iliheshimiwa kotekote kwa kuwa uzani na usafi wake haukuchezewa kwa karne nyingi. Kodi ilikadiriwa kwa dhahabu, mishahara ya maafisa wakuu ilihesabiwa kwa dhahabu, na hata fidia waliyolipwa maadui ili wasishambulie ilitolewa kwa dhahabu.

Hata hivyo, mtu hawezi kwenda sokoni kununua mkate mmoja au fungu la vitunguu kwa sarafu ya dhahabu. Alihitaji pesa ndogo, na hizo zilikuwa za shaba.

Tofauti baina ya sarafu hizi mbili haikuwa ya rangi na ukubwa pekee. Thamani ya solidi ilikuwa ndani ya dhahabu yenyewe, hivi kwamba hata ikiyeyushwa mwenyewe hapotezi kitu. Thamani ya shaba ilitegemea kwa kiasi kikubwa neno la serikali. Mtu aliipokea kwa kuamini kwamba kesho na mtondo mwingine ataipokea kwa thamani ile ile.

Imani hiyo ilikuwa imedhoofika sana kufikia mwisho wa karne ya tano. Sarafu pekee ya shaba iliyosalia katika matumizi ya kawaida ilikuwa numi, kijisarafu chembamba chenye uzani wa gramu moja au chini ya hapo, ambacho aghalabu kilifuliwa ovyo na maandishi yake hayakusomeka.

Ili kupata solidi moja, mtu alihitaji maelfu ya vijisarafu hivyo. Sheria ya mwaka 445, iliyotolewa upande wa magharibi na Kaizari Valentinian III, iliweka bei ya sarafu moja ya dhahabu kati ya numi 7,000 na 7,200. Huo ni mzigo wa kilo kadhaa.

Wafanyabiashara walilazimika kubeba numi katika mifuko. Kuzihesabu kulikuwa kazi ya kuchosha, na aliyeumia zaidi ni mtu wa kawaida, ambaye hakuwa na mizani wala karani wa kumhesabia.

Mageuzi ya mwaka 498

Ni Kaizari Anastasius I, aliyetawala kuanzia mwaka 491 hadi 518, aliyeamua kuliondoa tatizo hilo. Alikuwa mzee wa takriban miaka 60 alipotawazwa, na kabla ya hapo alikuwa afisa wa kawaida katika kasri la kifalme.

Mnamo mwaka 498, akisaidiwa na afisa wa hazina aliyejulikana kama John wa Paphlagonia, aliagiza zifuliwe sarafu kubwa za shaba zenye thamani ya numi nyingi kwa mpigo. Iliyo kubwa zaidi ilikuwa folisi, yenye thamani ya numi 40. Chini yake zilikuwepo za numi 20 na numi 10, na baadaye ikaongezwa ya numi tano.

Jambo lililozitofautisha sarafu hizi na nyingi za awali ni kwamba kila moja ilitaja thamani yake waziwazi. Wagiriki walitumia herufi kama tarakimu. Hivyo folisi ilipigwa chapa ya herufi kubwa M, iliyosimamia 40. Nusu yake ilikuwa na K, yaani 20, robo ilikuwa na I, yaani 10, na ile ya numi tano ilikuwa na E.

Mtu asiyejua kusoma kitabu aliweza kuitambua herufi hiyo moja iliyojaza upande mzima wa sarafu. Upande wa pili ulikuwa na sura ya Kaizari pamoja na jina lake.

Chini ya herufi ya thamani kulikuwa na alama ya mji ambako sarafu ilifuliwa. CON ilimaanisha Konstantinopoli, na NIK au NIC mji wa Nicomedia. Antiokia ulipobadilishwa jina baada ya mitetemeko ya ardhi ya miaka ya 526 na 528 na kuitwa Theoupolis, yaani Mji wa Mungu, sarafu zake nazo zilianza kubeba jina hilo jipya.

Aidha, sarafu za mji mkuu zilikuwa na herufi ndogo iliyoonyesha karakana iliyozitengeneza. Iwapo kungezuka malalamiko kuhusu sarafu yenye kasoro, wakubwa wangejua ni mafundi gani wa kuulizwa.

Utengenezaji wenyewe ulikuwa kazi ya mikono. Kipande cha shaba kilichokatwa kwa umbo la mviringo kiliwekwa juu ya mhuri wa chuma uliokazwa kwenye fuawe. Fundi aliweka mhuri wa pili juu yake na kuugonga kwa nyundo, na kwa pigo hilo pande zote mbili zikapata chapa kwa pamoja.

Marcellinus, mwandishi wa kumbukumbu za enzi hiyo, alieleza kwamba mabadiliko hayo yaliwapendeza raia. Haikuwa ajabu. Mwaka huo huo wa 498, Anastasius alifuta kodi iliyochukiwa mno ambayo mafundi na wachuuzi walitozwa kila baada ya miaka minne, na ambayo ilipaswa kulipwa kwa madini ya thamani.

Katika mji wa Edessa, ambao pekee ulitozwa ratili 140 za dhahabu kila zamu ya kodi hiyo ilipofika, wakazi walivaa nguo nyeupe na kuandamana wakiwa na mishumaa kusherehekea habari hizo.

Folisi za kwanza zilikuwa na uzani wa takriban gramu tisa. Mnamo mwaka 512 uzani huo uliongezwa maradufu hadi karibu gramu 18, na hivyo kumhakikishia mwananchi kwamba alichoshika mkononi kilikuwa na shaba ya kutosha. Ukarimu huo haukuikausha hazina. Mwanahistoria Procopius aliandika kwamba Anastasius alipofariki aliacha ratili 320,000 za dhahabu.

Justinian na ghasia za mafukara

Folisi ilifikia kilele chake wakati wa Kaizari Justinian, aliyetawala kati ya miaka ya 527 na 565. Mnamo mwaka 538 alianza kutoa sarafu pana za takriban sentimita nne, zenye uzani wa zaidi ya gramu 20. Sura yake ilionyeshwa ikimtazama mtu ana kwa ana, na kando ya herufi M paliandikwa mwaka wa utawala wake.

Kwa mtafiti wa leo, tarehe hizo ni hazina kubwa, kwani folisi moja iliyookotwa katika magofu yaweza kumwambia ni mwaka gani na katika mji upi ilifuliwa.

Lakini mipango ya Justinian ilikuwa ya gharama kubwa. Alipigana vita Afrika Kaskazini, Italia na mpakani mwa Uajemi, huku akijenga makanisa na ngome. Kisha kuanzia mwaka 541 tauni ililipuka Misri, na mwaka uliofuata ikauvamia mji mkuu na kuwaua watu wasiohesabika. Walipa kodi walipungua ilhali matumizi hayakupungua, na folisi ikaanza kukonda.

Hata thamani ya kubadilishana ilizua manung'uniko. Procopius, aliyemchukia Justinian na ambaye maneno yake hupaswa kupokelewa kwa tahadhari, alidai kwamba wabadilishaji fedha waliokuwa wakitoa folisi 210 kwa solidi moja waliamriwa watoe 180 pekee, ili wakubwa wajinufaishe kwa tofauti iliyobaki.

Tukio zito zaidi lilitokea Machi 553. Mwandishi John Malalas anasimulia kwamba serikali ilivuruga thamani ya pesa ndogo, na mafukara wa Konstantinopoli wakazusha ghasia. Habari zilipomfikia Kaizari, aliamuru pesa zirudishwe katika utaratibu wa zamani.

Tukio hilo linaeleza mengi. Tajiri aliyekuwa na sanduku la solidi hakuwa na sababu ya kuingia barabarani. Aliyeingia ni yule ambaye akiba yake yote ilikuwa shaba, na ambaye aliamka asubuhi akakuta imepunguzwa bila hata senti moja kuibwa nyumbani mwake.

Mkate wa folisi tatu

Karne ya saba ilileta mtihani mkubwa zaidi. Kaizari Heraclius alipotwaa madaraka mwaka 610, Waajemi walikuwa wakisonga mbele. Waliiteka Syria, wakaingia Yerusalemu mwaka 614 na kisha wakaitwaa Misri, nchi iliyokuwa ghala la nafaka ya Konstantinopoli.

Kwa vizazi vingi, maelfu ya wakazi wa mji mkuu walikuwa wakipokea mkate wa bure kutoka kwa serikali. Mnamo mwaka 618 waliambiwa walipie kila mkate folisi tatu. Miezi michache baadaye, mgao wenyewe ukasitishwa kabisa.

Mnamo Mei 626, afisa mmoja aliyeitwa John, kwa jina la utani Seismos, alijaribu kupandisha bei ya mkate kutoka folisi tatu hadi nane. Umati ulikusanyika katika kanisa kuu la Hagia Sophia ukipaza sauti za kumpinga. Afisa huyo aliachishwa kazi, na picha zake zilizokuwa zimewekwa hadharani zikaondolewa.

Wakati huo serikali ilikuwa imepungukiwa na kila kitu. Mishahara ya maafisa ilikuwa imepunguzwa kwa nusu mwaka 615, na vyombo vya thamani vya makanisa vikayeyushwa ili vigeuzwe sarafu za kuwalipa wanajeshi.

Kuhusu shaba, viwanda vya sarafu havikuwa na muda wala mali ya kutengeneza vipande vipya. Sarafu za watawala waliotangulia zilichukuliwa na kupigwa chapa mpya juu ya ile ya zamani. Hadi leo, wakusanyaji wa sarafu huona jicho la Kaizari mmoja likichungulia chini ya herufi za mwingine.

Heraclius hatimaye aliwashinda Waajemi, na karibu mwaka 629 alijaribu kuirudishia folisi uzito wake. Jitihada hiyo haikudumu. Majeshi ya Waarabu Waislamu yaliitwaa Syria katika miaka ya 630 na Misri kufikia mwaka 642, na mapato ya majimbo hayo tajiri yakapotea moja kwa moja.

Chini ya mjukuu wake, Constans II, aliyetawala kuanzia mwaka 641 hadi 668, folisi ilikuwa na gramu tatu hadi tano tu. Vipande vilikatwa ovyo, vingine vikiwa na pembe kama vigae vya chungu kilichovunjika. Hata hivyo, bado vilibeba herufi ile ile ya 40, pamoja na maneno ya Kigiriki yenye maana ya 'kwa ishara hii, shinda'.

Ukame wa sarafu

Baada ya hapo, pesa za shaba zilianza kutoweka katika miji mingi. Wachimbuaji wa mambo ya kale huko Athens na Corinth wamegundua sarafu nyingi za karne ya sita, lakini za karne ya nane ni adimu mno.

Sababu ni kwamba miji ilikuwa imesinyaa, na serikali ililipa sehemu ya mishahara ya wanajeshi kwa chakula, mavazi na ardhi. Katika maeneo mengi watu walirejelea ubadilishanaji wa bidhaa kwa bidhaa.

Licha ya hayo, serikali haikuacha kudai dhahabu. Inasimuliwa kwamba wakati wa Kaizari Constantine V, katika miaka ya 760, dhahabu ilirundikwa katika hazina kiasi kwamba ilikosekana mikononi mwa raia. Wakulima waliotakiwa kulipa kodi walilazimika kuuza vipimo 60 vya ngano au 70 vya shayiri kwa sarafu moja tu ya dhahabu.

Watu wa mjini walifurahia chakula cha bei rahisi wakidhani ni neema. Mkulima ndiye aliyejua kwamba bei hiyo ilikuwa kilio chake.

Nafuu ilianza kuonekana katika karne ya tisa. Kaizari Theophilos, aliyetawala kati ya miaka ya 829 na 842, alitoa folisi mpya zilizo kubwa na nadhifu, tena kwa wingi. Herufi M iliyodumu kwa zaidi ya karne tatu iliondolewa, na mahali pake pakaandikwa maneno ya kumsifu Kaizari kwa ushindi.

Hesabu nayo ilieleweka bila utata. Folisi 24 zilifanya sarafu moja ya fedha, na sarafu 12 za fedha zilifanya moja ya dhahabu, yaani folisi 288 kwa dhahabu moja. Masoko yalichangamka upya, na shaba ikarudi mikononi mwa watu.

Utaratibu wa kodi ulioendelezwa baadaye ulionyesha vyema uhusiano wa pesa hizo mbili. Aliyedaiwa kiasi kinachofikia theluthi mbili za sarafu ya dhahabu alipaswa kuleta sarafu nzima ya dhahabu, naye akarudishiwa chenji kwa pesa ndogo. Kwa njia hiyo dhahabu ilirudi hazinani huku shaba ikisambaa vijijini.

Kutoka folisi hadi fulusi

Waarabu walipoingia Syria, hawakuzifuta pesa walizozikuta. Kwa miongo kadhaa, viwanda vya nchi hiyo viliendelea kufua shaba zenye sura ya Kaizari na herufi M. Polepole maneno ya Kiarabu yaliongezwa pembeni.

Katika mji wa Hims, kwa mfano, sarafu zilibeba neno 'nzuri' kwa Kigiriki upande mmoja na kwa Kiarabu upande wa pili, ili kila mnunuzi ahakikishiwe kwa lugha anayoielewa kwamba pesa hiyo inakubalika.

Khalifa Abd al-Malik alipoleta mageuzi yake kuanzia mwaka 696, picha ziliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na maandishi ya Kiarabu. Lakini jina la sarafu ya shaba halikubadilika. Folisi ya Wagiriki, ambayo nayo ilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya mfuko wa ngozi, ikawa falsi kwa Kiarabu, na wingi wake ukawa fulusi.

Kutokana na mzizi huo likazaliwa neno la kumwelezea mtu aliyeanguka kiuchumi. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu walifafanua kwamba ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha, kisha akabaki na vishaba tu. Wengine walisema ni yule ambaye hata kishaba kimoja hana.

Ni neno hilo ambalo mawimbi ya biashara ya Bahari ya Hindi yalilifikisha katika pwani yetu, likawa filisi, kufilisika na mufilisi. Fulusi lenyewe liliingia pia katika Kiswahili kwa maana ya fedha, ingawa leo halisikiki mara kwa mara.

Wakenya wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba nao hulishika jina hilo mikononi, kwani dirhamu moja ya Falme za Kiarabu ina filsi 100, na dinari ya Kuwait ina filsi 1,000.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuishia kupokea maneno pekee. Masultani wa Kilwa, katika Tanzania ya leo, walifua sarafu zao wenyewe za shaba zenye maandishi ya Kiarabu yenye vina, ambapo kifungu kilianzia upande mmoja wa sarafu na kukamilikia upande wa pili.

Dhahabu ya Bizanti iliwavutia waandishi wa tarehe na sasa hulindwa katika makavazi kwa vioo na kufuli. Ile ya shaba imepatikana zaidi katika mitaro ya masoko ya kale, chini ya sakafu za maduka, mahali ilipoponyoka mikononi mwa mtu aliyekuwa akihesabu kama itamtosha kwa mkate.

Mtu huyo hakuwa na sauti katika baraza la Kaizari. Ila kila aliposhika folisi na kuona herufi ya 40, aliuliza swali lile ambalo mwananchi wa nchi yoyote huuliza anapopokea mshahara wake: je, hii itanunua kesho kile inachonunua leo? Jibu lilipokuwa la, lugha ilimwekea neno, na neno hilo tungali nalo.